Tusiukate Mnazi kwa Ukame Uliopita



Mwaka 2024, masika yangali yakimwagika na njia za mashambani hazipitiki kwa matope, alitujia mama mmoja baada ya darsa ya alasiri. Alikaa nyuma mpaka wenziwe wakatoka, kisha akasema: "Sheikh, nina swali la mirathi, lakini ndani yake mna swali la minazi."

Baba yake alikuwa amefariki na kuwaachia minazi 22 katika shamba la upande wa Kilifi. Nduguze wawili wa kiume walikuwa wameshampata mnunuzi wa mbao, na msumeno wa mashine ulikuwa uje Jumamosi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Minazi imezeeka, haizai. Muda wa mwaka mzima nazi walizoangua hazikujaza gunia. Mvua zimenyesha tangu vuli iliyopita, mahindi ya jirani yamesimama, migomba iliyokuwa imekufa imefufuka, na minazi imekaa vilevile. Mti usiozaa wakati wa mvua utazaa lini?

Swali la mirathi tulilijibu pale pale, maana halikuwa gumu. Minazi ni mali ya warithi wote, na binti ana fungu lake katika kila mti kama alivyo na fungu katika ardhi. Huku kwetu pwani, ambako mnazi huweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule, hakuna awezaye kusema kuwa mti si mali ya kuhesabiwa. Mshirika hauzi fungu la mwenzake bila ya idhini yake, akiwa mwanamume au mwanamke. Mara ngapi tumeona dada wakiulizwa baada ya mbao kupakiwa!

Lakini lile swali la pili lilituchoma, kwa sababu jibu lake tulikuwa tumelinunua kwa mali yetu wenyewe.

Mwaka 2016 mvua za vuli zilikosekana, na 2017 ukame ukaendelea. Katika shamba letu dogo makuti ya chini yalilala juu ya shina kama mwavuli uliovunjika, na vidaka vikapukutika kila asubuhi. Tulisubiri. Mwaka 2018 masika yakaja kwa nguvu, mito ikafurika, sisi tukaangalia juu ya minazi tukitarajia neema, na hatukuona kitu. Tukasema, hii imekwisha. Tukauza minazi 14 kwa mtu wa mbao, na zile pesa zikaezeka ukumbi. Jirani yetu hakukata hata mmoja, wala si kwa elimu. Mwenyewe hukiri kuwa ni kwa uvivu tu, hakutaka kuhangaika na watu wa msumeno. Kufika mwisho wa 2019 minazi yake ilikuwa imebeba hata wakwezi wanalalamika. Tangu hapo, kila Ijumaa mtoto wetu hutumwa kwake kununua nazi za wali. Mama watoto hakusema neno. Alikuna nazi za jirani akanyamaza, na kunyamaza kule kulitosha.

Kosa letu lilikuwa kuusoma mnazi kama tunavyousoma muhindi. Muhindi hupandwa, hunyeshewa na huvunwa katika msimu mmoja. Ukikauka wajua ni mvua ya mwezi huu. Mnazi una hesabu nyingine. Mti mzima ulio na afya hutoa kuti jipya moja takriban kila mwezi, na katika kwapa la kila kuti hutoka karara moja. Karara likipasuka, maua yakashika vidaka, itapita miezi 11 au 12 mpaka kidaka kiwe kitale, kitale kiwe dafu, dafu liwe koroma, na koroma liwe nazi kavu ya kukuna. Hayo mama zetu wayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba karara lenyewe, kabla ya kuonekana na jicho la mtu, lilikwisha kuanza kuumbwa ndani ya kilele cha mnazi zaidi ya miaka miwili nyuma. Tukijumlisha yote, nazi tunayoikuna leo ilianza safari yake yapata miaka mitatu na nusu iliyopita.

Sasa fikirini ukame unapoingia katika safari hiyo. Nazi zilizokwisha kukomaa haziathiriki sana, na ndiyo sababu katika mwaka wa kwanza wa jua kali watu huangua kama kawaida wakasema mnazi haujali. Vidaka vichanga huanguka. Nazi zilizo katikati hubaki ndogo, nyama yake nyembamba. Makarara yaliyokuwa bado yamefichika hutoka baadaye yakiwa na maua machache ya kike, na mengine hufa ndani kwa ndani yasitoke kabisa. Hasara hii ya mwisho haionekani mpaka mwaka wa pili, hata wa tatu, wakati mvua zimesharudi na watu wamekwisha kuusahau ukame. Mtu hutazama juu wakati wa neema akaona adhabu ya zamani, akadhani ni ya leo.

Tuliyoyaona mwaka 2018 yalikuwa madeni ya 2016 na 2017. Na huyu mama na nduguze, mwaka 2024, walikuwa wakitazama madeni makubwa zaidi. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi yetu kavu, na Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu zilikuwamo katika kaunti zilizoguswa. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mvua za El Nino, na masika ya 2024 yakaongeza. Kutoka ukame hadi gharika, bila ya kituo katikati.

Mnazi hata huandika mambo haya mwilini mwake. Shina lake si kama la mwembe au mkorosho, ambalo hunenepa mwaka hadi mwaka. Unene ambao shina la mnazi limeupata wakati kilele kilipopita mahali pale ndio huo huo hadi mti ufe. Kwa hiyo mkiona mnazi mrefu ambao shina lake limebana kama kiuno, kisha likatanuka tena juu yake, jueni kwamba wakati kilele kilipokuwa kimo kile palikuwa na dhiki, ya maji au ya rutuba, kisha Mola akaifariji. Na kwa sababu hiyo hiyo, vidato ambavyo wakwezi huvichonga kwa panga ili wapate pa kukanyaga havizibi kamwe. Kila kidato ni kidonda cha kudumu, na maji ya mvua hutuama humo yakaozesha. Tungependa wakwezi watumie kamba za miguuni, lakini hilo tumelisema miaka mingi na panga zingali zikichonga.

Mtu aweza kuuliza: mbona wenzetu wa nchi nyingine minazi yao haisumbuki hivi? Jibu ni kuwa sisi twaishi ukingoni mwa nchi ya mnazi. Mti huu wapenda joto la wastani wa nyuzi 27 hivi, jua la kutosha, hewa yenye unyevu, na mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 kwa mwaka, iliyogawanyika miezi yote. Joto twalo, jua twalo, na unyevu wa bahari twao. Mvua ndiyo pungufu. Sehemu kubwa ya pwani yetu hupata kadiri ya milimita 1,000 au zaidi kidogo, tena nyingi yake hushuka kwa mkupuo katika masika, ambayo wazee wa Mvita waliiita mwaka. Kisha kuanzia Januari hadi Machi kaskazi huvuma, kavu na ya joto, na mnazi mkubwa unaohitaji makumi ya lita za maji kwa siku hauna pa kuyapata ila ardhini.

Hapo ndipo mahali pa mti huwa na maana kuliko umri wake. Mnazi ulio ufuoni, penye mchanga na maji baridi yaliyo karibu chini, hustahimili miezi ambayo mwenzake wa nyuma ya kilima haiwezi. Mti huu hauna mzizi mkuu wa kuzama mbali; una maelfu ya mizizi membamba, mingi yake ikiwa ndani ya mita mbili kutoka shinani. Rabai na Kaloleni minazi yastawi vizuri, lakini ukipita Mariakani ukielekea bara waiona ikipungua hadi ikatoweka. Hapo si uvivu wa watu, ni mpaka wa mvua. Mvua zikiendelea kuyumba kama zilivyoyumba miaka hii, mpaka huo waweza kusogea karibu na bahari, na mashamba yaliyo pembeni ndiyo yatakayouona kwanza.

Na kuyumba huko kuna sababu inayoeleweka. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, vuli yetu hunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Mizani ikigeuka, vuli hukosekana. Mvua ya kupita kiasi nayo si rafiki wa mnazi kila pahali. Penye udongo mzito maji yakituama wiki kadhaa, mizizi hukosa hewa na makuti hugeuka manjano, na mwenye shamba hudhani ni ugonjwa wa ukame.

Kwa kuwa kila Ramadhani twaulizwa habari za mtende, tutaupitia kwa maneno machache. Mtende ni nduguye mnazi kwa sura, si kwa tabia. Wataka maji mizizini lakini hewa kavu na joto kali juu, miezi mingi mfululizo, na mvua ikiushukia wakati tende zinaiva hupasuka na kuchacha. Tena kuna mtende dume na mtende jike, na mkulima hupanda na chavua mkononi. Nchi yetu ya unyevu yaufaa kwa kivuli zaidi kuliko kwa tunda. Ndiyo maana majahazi ya Oman yalituletea tende kwa kaskazi na kurudi na boriti kwa kusi, na Bibi Maryamu, radhi za Allah ziwe juu yake, aliangushiwa tende mbivu katika nchi isiyokuwa na unyevu wa huku kwetu. Kila mti na hewa yake.

Turudi kwa yule mama. Tulimwambia asikatae kuuza kwa hasira wala asikubali kwa haya. Awaombe nduguze wiki moja, na twende na mkwezi tukaitazame minazi mmoja mmoja. Ndugu walikubali, mmoja wao kwa shingo upande.

Mnazi una kilele kimoja tu cha kuotea. Kikifa, mti umekufa, hauna tawi wala chipukizi la kuurithi. Basi cha kwanza kutazamwa ni lile kuti changa lililo katikati, ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Likiwa limesimama na rangi yake ni hai, mti ungali hai hata kama makuti ya chini yote yamelala. Likiwa limekauka, na mkwezi akilivuta likatoka likinuka uozo, hapo hakuna cha kusubiri. Kisha mtazame shina karibu na kilele. Likiwa limechongoka na kuwa jembamba kabisa, kama penseli, na makuti ni mafupi na machache, mti huo umechoka kweli, na mvua hazitaurudisha ujanani. La tatu ni kuhesabu makuti. Mnazi wenye siha hubeba 30 au zaidi; uliotoka ukameni ukiwa na 15 au 20, lakini yale mapya ya juu ni marefu na ya kijani, huo wapona.

Pia ni lazima kujua kwamba si kila kidaka kinachoanguka kimeangushwa na jua. Kuna mdudu mdogo afyonzaye vidaka, navyo huanguka vikiwa na makovu na utomvu. Dawa yake mara nyingi iko juu ya mti wenyewe: ni maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa nyumba, ambao humfukuza. Wakwezi huwachukia na hutaka wachomwe moto. Waachwe. Sisi tulipokuwa chuoni tulivikusanya vidaka vilivyoanguka tukavitia vijiti na kuvifanya pia za kuchezea, na hatukujua kuwa furaha yetu ya kaskazi ilikuwa msiba wa mwenye shamba.

Katika ile minazi 22, minne ilikuwa imekufa kilele, na mitatu ilikuwa imechongoka. Hiyo saba tuliwaambia waiuze bila ya majuto, tena waiondoe haraka na wasiache magogo yakaoza shambani. Gogo bovu la mnazi ndilo kitanda anachozalia chonga, yule mbawakawa mwenye pembe atobowaye vilele vya minazi iliyo hai. Mtu aweza kuinusuru minazi yake kutokana na ukame kisha akaiua kwa magogo. Pesa za ile saba ziligawanywa kwa mafungu ya sharia, na binti akapokea lake mkononi.

Iliyobaki 15 ilihitaji kusaidiwa, na hapa twasema na mama zetu hasa, kwa kuwa kumbi ziko mikononi mwao. Twajua kumbi ni kuni, na gesi ni ghali. Lakini kumbi hunyonya maji mara kadhaa ya uzito wake na kuyaachia polepole. Wakulima wa India huchimba mfereji kuuzunguka mnazi, kadiri ya mita moja na nusu au mbili kutoka shinani, wakapanga kumbi tabaka kwa tabaka, bonde lake likitazama juu, kisha wakafukia. Kazi hii ifanywe kabla ya masika, ili kumbi zipate cha kunywa. Ukiweza kutenga hata nusu ya kumbi za nyumbani kwa minazi miwili kila mwaka, katika miaka michache shamba dogo limezungukwa lote.

Jambo jingine ni chumvi. Wazee wetu waliotia chumvi katika shimo la mnazi tuliwacheka. Kumbe huko Ufilipino minazi iliyo mbali na bahari hutiwa chumvi ya kawaida kuwa mbolea, kwa sababu ndani yake mna klorini inayousaidia mti kuyafunga matundu ya majani wakati wa jua na kuhifadhi maji. Isitiwe lakini penye minazi ya ufuoni, ambayo ina chumvi ya kutosha, wala karibu na kunde na mchicha.

Na anayepanda upya ajihadhari na mapenzi ya minazi mifupi, ile vitamli yenye madafu ya manjano. Huzaa mapema, yapendeza uani, na mtoto hufikia dafu bila ya mkwezi. Lakini si mivumilivu wa ukame kama mirefu, na bila ya maji ya kumwagilia hudhoofika upesi. Kwa shamba linalotegemea mvua peke yake, mnazi wetu mrefu ndio wa kutegemewa, japo utasubiri miaka sita hadi minane. Mbegu ichukuliwe katika mti uliozaa wakati wenzake walipokosa. Kila mwenye shamba aukumbuke mnazi uliompa nazi mwaka 2022 na 2023. Huo ndio mama. Kwa kuwa minazi mirefu huchukua chavua ya majirani, si kila mtoto atamfuata mamaye, basi zioteshwe nazi nyingi na wachaguliwe wachipuao mapema na wenye nguvu. Wenye kutaka miche iliyochunguzwa kuna kituo cha utafiti wa kilimo pale Mtwapa, waende wakaulize.

Yule ndugu wa shingo upande alitupigia simu mara mbili mwaka huo kutuuliza kama bado tuna imani na minazi yetu. Tulimwambia ahesabu makuti, asihesabu nazi. Mara ya pili alisema amehesabu 24 katika mti ambao tulipoutazama ulikuwa na 17, kisha akakata simu bila ya kuaga.

Mwishoni mwa 2025 mama mwenyewe alikuja nyumbani na kikapu cha ukindu, ndani yake mna nazi tano za muanguo wa kwanza wa maana. Sisi tulikuwa barazani. Mama watoto alizipokea, akaitikisa mojamoja karibu na sikio kusikiliza maji yake, kisha akatuuliza kupitia dirishani: "Hizi nazo ni za jirani?"